Usitangaze saa ya kale kabla hujafungua mgongo wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niseme na wale wanaouza, wanaonunua na wanaorithi saa za zamani, za mkono na za mfukoni. Matangazo ya saa hizi yamekuwa mengi, na karibu yote yana kasoro ileile: picha moja ya uso, jina lililosomwa pale usoni, kisha bei. Kwa mtindo huo saa ya maana huondoka kwa bei ya mkanda, na saa ya kawaida huuzwa kwa bei ya ng'ombe. Anayeumia mara nyingi ni mjane au watoto wa marehemu, ambao hawakupata mtu wa kuwaambia waanzie wapi.

Uso wa saa unasema machache kuliko watu wanavyodhani. Wengi waliouza saa za Uswisi hawakuunda mashine iliyomo ndani. Viwanda vichache vilitoa mashine ghafi, yaani ambazo hazijakamilishwa, vikawauzia mamia ya wenye majina. Hao nao walinunua kasha kwa mtu mwingine, uso kwa mwingine na mishale kwa mwingine, wakakusanya na kuandika jina lao, au jina la duka lililoagiza. Kampuni ya West End, iliyojulikana sana India na nchi za Ghuba, iliuza saa zenye mashine za Longines na za viwanda vingine. Huko Uingereza, hadi miaka ya 1920, wauza saa wengi hawakutaka jina la kiwanda lionekane kabisa, ndiyo maana saa nyingi za enzi hizo zina uso usio na jina, au jina la sonara wa mji fulani. Kwa hiyo swali la "saa hii ni ya nani?" lina majibu matatu: nani aliunda mashine, nani alitengeneza kasha, na nani aliiuza. Tangazo la kweli halichanganyi hayo matatu.

Kabla ya kufungua chochote, yaondoe kwanza maneno ambayo si majina ya watengenezaji. "Incabloc" ni kinga ya mtikisiko inayolinda ncha za ekseli ya gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi. Imo katika saa za mamia ya majina tangu miaka ya 1930. "Brevet" ni hataza, yaani haki ya mvumbuzi, na msalaba mdogo unaofuatwa na tarakimu ni namba ya hataza ya Uswisi. "Déposé" ni alama iliyosajiliwa. "Ancre 15 Rubis" inaeleza aina ya mashine na idadi ya vito. "Antimagnetic" ni sifa tu. "Système Roskopf" huwapotosha wengi zaidi: Georges Frédéric Roskopf alitoa saa yake ya bei nafuu mwaka 1867 kwa ajili ya wafanyakazi, na muundo wake ukaigwa na viwanda vingi. Saa iliyoandikwa "Système Roskopf" kwa kawaida ni ya mwigaji aliyefuata muundo huo, wala si ya Roskopf mwenyewe.

Yako mengine mawili yanayogusa mfuko moja kwa moja. "20 Microns" si karati 20. Ni unene wa tabaka la dhahabu lililopakwa juu ya madini mengine, yaani sehemu 20 za elfu moja za milimita. Na "Fond acier inoxydable", au "Stainless steel back", maana yake kifuniko cha nyuma peke yake ndicho cha chuma kisichoshika kutu. Kasha lenyewe huwa la shaba iliyopakwa kromu au dhahabu, na ukitazama penye masikio ya mkanda, mahali jasho linapokaa, utaiona shaba imechungulia.

Sasa mgongo ufunguliwe, na hapa ndipo saa nyingi hufia. Zungusha ukingo wa kifuniko chini ya lensi ya kukuzia. Ukiona ulimi mdogo au mwanya mwembamba, kifuniko hicho ni cha kubanwa. Tumia kisu cha fundi chenye makali butu, si kisu cha jikoni. Saa ilale uso chini kiganjani, kidole gumba kikizuia ncha. Ingiza ubapa kwenye mwanya kisha uuzungushe kidogo, usibinue kwa nguvu. Kisu kikiteleza huingia moja kwa moja kwenye gurudumu la mizani na springi yake nyembamba, na ile springi ikishapinda saa haitaenda sawasawa hata ukibadilisha mafuta mara kumi. Ukiona vijipengo vilivyochongwa kuzunguka mgongo, kifuniko ni cha kukaza kama skrubu. Ufunguo wa miguu mitatu unashika vizuri kuliko wa miguu miwili, ambao huteleza na kuacha mikwaruzo mirefu. Kama hakikukazwa sana, mpira wa kubana kiganjani unatosha.

Saa za pwani zina shida yake. Chumvi na jasho hugandisha nyuzi za skrubu, na mpira wa kuzuia maji huoza ukawa kama lami. Usilazimishe. Weka tone dogo la mafuta mepesi ya kulegeza kutu kwenye ungio kwa ncha ya sindano, acha hadi kesho yake, ndipo ujaribu. Na kama mgongo hauna ungio kabisa, kasha ni la kipande kimoja na mashine hutolewa kwa mbele baada ya kioo kung'olewa. Hiyo mpelekee fundi.

Saa ya mfukoni ina taratibu zake. Nyingi za Ulaya zina vifuniko viwili vya bawaba nyuma, na maandishi mengi hukaa kwenye kile cha ndani. Nyingi za Marekani hufunguka kwa kuzungusha mgongo mzima kwa kiganja, kinyume na mwendo wa mishale, bila kifaa chochote. Watu wanapozichokonoa kwa kisu huharibu nyuzi za kasha lililokuwa zima.

Ukishafungua, usiguse mashine kwa kidole na usipulize kwa mdomo. Unyevu wa mate na chumvi ya kidole hutoa kutu yenye umbo la alama ya kidole, na haiondoki. Piga picha mbili: moja ya upande wa ndani wa kifuniko, nyingine ya mashine yote, mwanga ukitoka pembeni.

Ndani ya kifuniko utakuta mihuri iliyogongwa na michoro iliyokwaruzwa kwa mkono. Hii ya mkono, mara nyingi tarakimu ndogo na herufi za kuunganisha, ni kumbukumbu za mafundi waliowahi kuihudumia saa. Watu huzinukuu kama namba ya saa na kupotea kabisa. Mihuri iliyogongwa ndiyo ya kiwandani, lakini mingi inamhusu mtengeneza kasha. Nyundo ndogo au ufunguo mdogo wenye tarakimu ni alama ya mtengeneza kasha wa Uswisi, si ya mtengeneza saa.

Jina la aliyeunda mashine, kwa saa nyingi za Uswisi, limefichwa chini ya gurudumu la mizani. Shika lensi ya kukuza mara 8 au 10, inamisha saa taratibu, utazame bamba la chini katikati ya mikono ya gurudumu hilo. Utaona alama isiyozidi milimita mbili au tatu: AS ni A. Schild wa Grenchen, FHF ni kiwanda cha Fontainemelon kilichoanza mwaka 1793, na ETA ni jina la kiwanda lenyewe. Kando yake au chini yake huwa na namba ya kaliba, yaani aina ya mashine, na namba hiyo ndiyo hazina. Kwa nini mashine za viwanda hivi zimo katika saa za majina mengi namna hii? Mwaka 1926 A. Schild, Fontainemelon na A. Michel waliungana katika Ebauches SA, ETA nayo ikaingia mwaka 1932. Baada ya hapo sehemu kubwa sana ya mashine ghafi za Uswisi ilitoka katika kundi hilohilo.

Chukua mfano wa saa ya mkono yenye jina lisilojulikana usoni, duara dogo la sekunde penye tarakimu 6 ya usoni, na chini ya gurudumu la mizani imeandikwa AS 1130. Hapo tayari una mengi. Hiyo ni mashine ya kutia ufunguo kwa mkono, yenye kipenyo cha karibu milimita 29, iliyotumiwa na majina mengi sana wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake. Ni mashine imara na vipuri vyake vinapatikana. Sasa unaweza kuandika bila kumdanganya mtu: mashine A. Schild 1130, jina la usoni ni la muuzaji. Mnunuzi anajua anachonunua, na fundi anajua aagize ekseli gani na springi kuu gani.

Kama huoni alama, pima. Mashine za Uswisi hupimwa kwa kipimo kiitwacho lini (ligne), na lini moja ni milimita 2.256. Pima kwa kalipa, kile kipimio chenye taya mbili, kipenyo cha bamba pale linapoingia kwenye kasha, bila kuhesabu ukingo uliotokeza, kisha gawa. Mashine ya milimita 36.6 ni lini 16 na robo hivi, na katalogi huiandika lini 16½, kwa hiyo usishangae tofauti ndogo. Unitas 6497 na 6498 za saa za mfukoni ndizo za kipimo hicho. Baada ya kipimo hufuata umbo: namna madaraja, yale mabamba yanayoshika magurudumu, yalivyokatwa, na hasa umbo la kile kipande cha chuma chini ya uso kinachoshika mtambo wa kutia ufunguo na kurekebisha mishale. Katalogi za vipuri zimepangwa kwa kipimo na umbo la kipande hicho, kwa sababu kila kiwanda kilikikata kwa namna yake. Ila kukiona kunadai kuondoa mishale na uso, na uso wa enameli ukibanwa vibaya hupata ufa. Hiyo si kazi ya mezani nyumbani.

Ziko kampuni zilizounda mashine zao wenyewe na kuandika jina waziwazi juu ya daraja. Omega huweka jina, namba ya kaliba na namba ya mfululizo kwenye mashine. Namba za milioni 10 ni za karibu mwaka 1944. Longines ina kioo cha mchanga chenye mabawa, alama iliyosajiliwa mwaka 1889, na kiwanda chake cha Saint-Imier kimetunza madaftari. Ukiwapelekea namba ya mashine wanaweza kukuambia kaliba, tarehe ya ankara na wakala aliyepelekewa saa ile. Hiyo ni nyaraka ya familia, na inastahili kutafutwa kabla mtu hajakubali bei ya kwanza anayotajiwa. Kwenye daraja la mizani la saa zilizoingizwa Marekani utakuta pia herufi tatu za mwagizaji: OXG ni Omega, ROW ni Rolex, LXW ni Longines-Wittnauer. Kama uso unadai Omega na daraja halina neno lolote, simama hapo kwanza.

Kuhusu Rolex, namba za saa nyingi za zamani hazipo mgongoni kwa nje. Ziko ubavuni mwa kasha katikati ya masikio ya mkanda: namba ya modeli upande wa saa kumi na mbili za usoni, namba ya mfululizo upande wa sita. Mkanda lazima utolewe. Muuzaji anayekataa kutoa mkanda amekwisha kukujibu.

Seiko zimejaa majumbani mwetu, na ndizo rahisi kusoma. Mgongoni kuna namba mbili. Ile yenye kistari katikati, tarakimu nne na nne, inaanza na kaliba na kuishia na kasha. Nyingine ni ya mfululizo: tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, 1 hadi 9, kisha O kwa Oktoba, N kwa Novemba na D kwa Desemba. Muongo hauandikwi, unaujua kwa kaliba. Saa ya kaliba 6119 yenye namba inayoanza na 0D ni ya Desemba 1970, kwa kuwa kaliba hiyo ilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970. Saa ya 7S26 haiwezi kuwa ya 1985, maana kaliba hiyo ilitoka mwaka 1996. Kisha linganisha mahali patatu: mgongo, mashine na maandishi madogo kabisa chini ya uso. Mgongo ukisema 7009, mashine iandikwe 7009A, na namba ya chini ya uso ianze na 7009. Zikitofautiana, saa imeunganishwa kutoka saa mbili au tatu. Inaweza kwenda vizuri tu, lakini si saa iliyotoka kiwandani hivyo, na bei yake haiwezi kuwa ileile. Citizen hufanana na hiyo, ila baada ya tarakimu ya mwaka huja mbili za mwezi, 01 hadi 12.

Saa za mfukoni za Marekani, kama Waltham, Elgin na Hamilton, zisomwe kwa namba iliyo juu ya mashine, kamwe si iliyo kwenye kasha. Mnunuzi alichagua mashine na kasha kando dukani, kwa hiyo Keystone au Dueber ni jina la kasha. Maneno ya dhamana ya miaka 20 au 25 ndani ya kifuniko yanamaanisha tabaka la dhahabu lililobandikwa juu ya madini mengine. Dhahabu tupu haihitaji dhamana ya miaka.

Kasha la fedha lina lugha yake. Kwa mihuri ya Uswisi ya kuanzia miaka ya 1880, dubu aliyesimama ni fedha ya 0.875 (sehemu 875 katika 1000 ni fedha halisi), kwale ni 0.800, kindi ni dhahabu ya karati 14 na kichwa cha mwanamke ni karati 18. Saa za kigeni zilizoingia Uingereza kuanzia katikati ya 1907 zilipigwa mihuri huko, ikiwa na .925 na herufi ya mwaka. Herufi za jina zilizo karibu na mihuri hiyo ni za aliyeipeleka saa kupigwa muhuri, kwa kawaida mwagizaji. "W&D" ni Wilsdorf & Davis, kampuni iliyozaa jina la Rolex, na ndiyo maana huvuta bei. Lakini herufi nyingine nyingi ni za waagizaji tu, na hazisemi lolote juu ya mashine. Mihuri hii ni mifupi kwa kina. Kung'arisha kasha kwa mashine ya kusugua mara mbili tu kunatosha kuifuta, na ikifutika hakuna wa kuirudisha. Naomba sana, msing'arishe kabla ya kuuza.

Na uso nao msiupake upya. Nyuso zilizopakwa upya, nyingi zikipitia India, zinajulikana: herufi nene, mistari ya dakika isiyolingana na duara la sekunde, neno "Swiss Made" lililopotea au kuandikwa juu sana, na pengine alama ndogo ya V iliyochongwa ukingoni. Angalia pia herufi T pande mbili za neno Swiss. Inaonyesha tritiamu, iliyotiwa katika rangi ya kung'aa gizani, ambayo ilianza kuandikwa hivyo katika miaka ya 1960, basi saa inayodaiwa kuwa ya 1945 yenye T hizo imebadilishiwa uso. Kabla ya tritiamu rangi ya kung'aa gizani ilikuwa ya radiamu. Hata kama haing'ai tena, kilichokufa ni ile kemikali inayotoa mwanga. Radiamu yenyewe hubaki hai, ikitoa mionzi, kwa maelfu ya miaka. Usikwangue, usipulize unga wake, na mtoto asichezee saa iliyo wazi.

Saa za Urusi ya zamani zisisomwe kwa jina pekee: Pobeda ilitengenezwa katika viwanda kadhaa, na nembo ya kiwanda iko kwenye mashine. Na mshale mpana wa Kiingereza mgongoni, pamoja na herufi kama W.W.W. au G.S.T.P., ni alama ya mali ya jeshi. Hizo za W.W.W. zilitengenezwa na kampuni 12 tofauti, kwa hiyo bado lazima ufungue.

Ombi langu kwa wanaotangaza, na kwako Mhariri unayepokea matangazo yao: saa ya kale iambatane na picha ya uso, ya mgongo kwa nje, ya mgongo kwa ndani, na ya mashine, pamoja na kipenyo cha kasha bila kitufe cha kutia ufunguo. Asiyeweza kufungua aandike "haijafunguliwa", na bei iwe ya saa isiyojulikana.

Fundi saa,
Ngamiani, Tanga